Mkoa Usio na Bunge: Rekodi za Utawala wa Katavi

Sensa ya 2012 iliikuta Katavi ina miezi michache tu tangu imegwe kutoka Rukwa. Makarani walihesabu watu 564,604, wachache kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania Bara. Mwaka 2022 wakarudi na vishikwambi mkononi, wakakuta watu 1,152,958. Hilo ni ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, na hakuna mkoa nchini ulioifikia kasi hiyo. Kule Marekani, jimbo lililoongoza kwa kukua kati ya 2010 na 2020 lilikuwa Utah, nalo liliongezeka kwa asilimia 18.4 katika miaka yote kumi. Katavi iliongezeka zaidi ya maradufu.

Wamekuja wafugaji na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakulima wanaotafuta mbuga za mpunga, wachimbaji wadogo wa dhahabu na wafanyabiashara wanaowafuata wote hao. Kila anayefika anataka ardhi, zahanati, shule, na mtu wa kumwamulia ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwa mtu wa Utah mambo hayo yana anwani moja: mji mkuu wa jimbo lake una gavana, una bunge la jimbo na una mahakama kuu ya jimbo, na kila mhimili unaichunga mingine. Mpanda ni makao makuu ya mkoa wenye kilomita za mraba zaidi ya 45,000, ila Katiba ya 1977 haikuupa mkoa mhimili wake hata mmoja. Vipo vipande vya mihimili tu, vimetawanyika kuanzia ofisi ya mkuu wa mkoa hadi chini ya mwembe wa kijiji. Rekodi zinazofuata ni za vipande hivyo, pamoja na za majirani wachache wanaosaidia kuvielewa.

Watu wengi, viti vilevile

Bunge la jimbo lenye baraza kubwa kuliko yote Marekani liko New Hampshire: wawakilishi 400, bila kuwahesabu maseneta 24. Jimbo lenyewe ni dogo, halifiki hata nusu na robo ya ukubwa wa Katavi, na sensa ya 2020 ilikuta lina watu 1,377,529. Ukigawanya, mwakilishi mmoja anabeba watu kama 3,400. Wawakilishi hao wanalipwa dola 100 kwa mwaka, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1889.

Katavi ina majimbo matano ya uchaguzi: Mpanda Mjini, Nsimbo, Kavuu, Katavi, na lile lililozoeleka kama Mpanda Vijijini, ambalo sasa linaitwa Tanganyika. Kwa sensa ya 2022 kila mbunge anabeba watu wapatao 230,000 kwa wastani. Mwaka 2025 majimbo ya nchi yaliongezwa kutoka 264 hadi 272. Mapya yakaenda Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya, Simiyu, Geita na Shinyanga. Mkoa ulioongoza kwa kasi ya kukua haukupata hata moja. Ukubwa wa jimbo na idadi ya watu vinapimwa kwa pamoja, na majiji yana hoja zao. Hata hivyo, kwa hesabu hii Katavi imepunjwa.

Na wabunge hao watano hawana mahali wanapokaa kama chombo cha mkoa. Sheria wanazopitisha ni za nchi nzima, na wanazipitisha Dodoma.

Mwenye mamlaka makubwa kuliko wote bila kura hata moja

Hapa hakuna ushindani: ni mkuu wa mkoa. Ibara ya 61 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kumteua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Magavana wa majimbo 48 ya Marekani wanachaguliwa kwa miaka minne, wale wa New Hampshire na Vermont kwa miwili. Mkuu wa mkoa hana muhula. Anakuja na mkeka, yaani orodha ya uteuzi, na anaweza kuondoka na mkeka mwingine utakaotoka usiku watu wakiwa wamelala. Mwanamvua Mrindoko aliletwa Katavi kwa mkeka wa 2021.

Anaongoza Kamati ya Usalama ya Mkoa. Anasimamia utekelezaji wa sera za serikali kuu. Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 anaweza hata kuamuru mtu anayehatarisha amani akamatwe na kuwekwa ndani kwa muda usiozidi saa 48, mamlaka ambayo mkuu wa wilaya naye anayo, na ambayo yamelalamikiwa mno nchini kwa kutumika ovyo. Kitu kimoja ambacho gavana wa Marekani anacho na yeye hana ni kura ya turufu dhidi ya muswada. Hawezi kuwa nayo: hakuna muswada unaomfikia. Kikao kikubwa cha mkoa ni Kamati ya Ushauri, ile RCC, ambamo wabunge, wakuu wa wilaya, wenyeviti wa halmashauri na wakurugenzi wanakaa pamoja kupitia bajeti na barabara. Kama jina lake linavyosema, kinashauri.

Wa pili katika orodha hii ni mkurugenzi wa halmashauri, na kwa mwananchi wa kawaida huenda ndiye wa kwanza. Katavi wako watano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Ukihudhuria baraza la madiwani utaona kila kitu kilivyo. Madiwani wamevaa majoho, meya ana mkufu shingoni, na mbele ya kila mmoja kuna kabrasha nene: mapato ya ndani, lishe, mikopo ya asilimia kumi kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, majibu ya hoja za Mkaguzi Mkuu, CAG. Mwenye kuandaa kabrasha hilo ni mkurugenzi, ambaye pia ndiye katibu wa kikao. Madiwani wanaweza kumbana kwa maswali mchana kutwa. Kumfukuza hawawezi, kwa kuwa aliyemteua ni Rais. Hata sheria ndogo wanayoipitisha, tuseme ya ushuru wa mazao au ya mifugo inayozurura mjini, haina nguvu mpaka waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe.

Wakurugenzi hao hao walikuwa wakisimamia uchaguzi majimboni. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema jambo hilo linakiuka Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mhimili mmoja, majibu mawili ndani ya miezi kama mitano.

(Manispaa ya Mpanda, kwa wapenda majina, ina kata 15, na ndani yake imo kata iitwayo Mpanda Hotel na nyingine iitwayo Uwanja wa Ndege. Diwani wa Mpanda Hotel hana hoteli ya kuongoza, ana wapiga kura kama wenzake wa Kashaulili na Makanyagio.)

Aliyepanda juu kuliko wote

Mizengo Pinda, aliyezaliwa 1948 na kuwa mbunge wa eneo hili kuanzia 2000 hadi 2015, ndiye mtu pekee wa Katavi aliyewahi kuwa Waziri Mkuu: kuanzia Februari 2008 hadi Novemba 2015. Alijiita mtoto wa mkulima, na jina likamganda. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya hapo, tangu 2006, alikuwa waziri wa TAMISEMI, yaani ndiye aliyekuwa akisimamia wakuu wa mikoa na halmashauri zote. Mkoa wa Katavi ulianza rasmi Machi 2012, pamoja na Geita, Njombe na Simiyu, yeye akiwa kwenye kiti cha uwaziri mkuu.

Wakati huo huo, Mpanda mjini walikuwa na mbunge wa upinzani. Mwaka 2005 CHADEMA ilishinda majimbo matano tu nchi nzima, na Mpanda Kati ilikuwa mojawapo, ikiwa na Said Arfi. Akarudi tena 2010. Yaani kwa miaka zaidi ya saba Waziri Mkuu na mbunge wa upinzani walikuwa majirani wa majimbo. Wanaodhani huku pembezoni watu wanapiga kura kwa mazoea waipitie rekodi hiyo.

Jirani wa karibu zaidi mwenye gavana

Simama Karema, kwenye bandari mpya, utazame magharibi. Ziwa Tanganyika ndilo refu kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, kilomita zaidi ya 670, na kwa kina linapitwa na Baikal peke yake. Ng'ambo ni Kongo, na huko jimbo nalo linaitwa Tanganyika. Lilizaliwa 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa vipande vinne na nchi kufikia majimbo 26. Makao yake ni Kalemie, na lina baraza la jimbo ambalo wajumbe wake ndio wanaomchagua gavana.

Tena wanaweza kumtoa. Mei 2021 baraza la Kalemie lilimpigia kura ya kutokuwa na imani gavana Zoé Kabila, mdogo wake Joseph Kabila aliyekuwa rais wa nchi kwa miaka 18. Kuwa na baraza la jimbo hakujaipa Kalemie barabara bora kuliko za Mpanda, na nani aliitaka kura ile huko Kinshasa ni mjadala mwingine. Hata hivyo kifaa cha kumwondoa kiongozi kilikuwepo, na kilitumika.

Ndani ya Tanzania, sehemu pekee yenye mihimili yote mitatu ya kwake ni Zanzibar: Rais wake, Baraza la Wawakilishi lililoanza 1980, na Mahakama Kuu. Kenya nayo ina kaunti 47 zenye magavana na mabaraza tangu 2013, ingawa mahakama imebaki moja ya taifa.

Mhimili ulio mbali zaidi

Mahakama ya Mwanzo inaweza kuwa karibu. Kwa miaka mingi Mahakama Kuu ya mtu wa Katavi imekuwa Kanda ya Sumbawanga, mkoani Rukwa. Mabaraza ya kata, ambayo tangu 1985 yalikuwa yakiamua mashauri madogo, yalipunguziwa nguvu 2021, na katika migogoro ya ardhi yamebaki kusuluhisha. Mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Katika mageuzi yote ya miaka hii, hilo ndilo lililomgusa moja kwa moja mkulima anayesomewa hukumu ya shamba lake.

Waliongoja kuliko wote

Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi ya Katumba na Mishamo, yote mawili sasa yakiwa ndani ya Katavi, na Ulyankulu, Tabora. Walilima, wakazaa, wakazika. Mtawala wao alikuwa mkuu wa makazi aliyewekwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Kumchagua au kumkataa hakukuwa mikononi mwao. Vyeti vya uraia vilianza kutolewa Oktoba 2014, kwa watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo matatu, idadi ambayo UNHCR ilisema haijapata kuonekana kwa wakimbizi kupewa uraia kwa mpigo. Kati ya 1972 na 2014 ni miaka 42.

Bunge kubwa kuliko yote

Limebaki lile ambalo halivai majoho. Kwa sheria Na. 7 ya 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji chenye watu wazima 2,000 kina wajumbe 2,000, mara tano ya wawakilishi wa New Hampshire. Mkutano huo ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, na ndio unaopokea taarifa ya mapato na matumizi. Katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, pale ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inapotakiwa kuhamishiwa matumizi ya umma, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa waziri.

Hili si jambo la vitabuni. Katika Wilaya ya Tanganyika vijiji vinane vinavyotunza misitu ya milima ya Ntakata vinauza hewa ya ukaa, na fedha zinazoingia zimefikia mabilioni ya shilingi. Zimejenga madarasa na zahanati, zimelipia bima ya afya. Matumizi yake hupitia mikutano ya vijiji, si RCC wala mkeka wowote. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye utawala wa wananchi ulio hai kuliko pote mkoani, na ndipo penye hatari kubwa pia: mkutano wa watu 60 unaweza kuandikwa kwenye muhtasari kuwa wa watu 600, na saini zikapatikana.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kama tangazo halijabandikwa, mwendee mtendaji umuulize tarehe. Ukishafika mkutanoni, omba muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwanza, pamoja na idadi ya waliohudhuria.