Je, Wajua? Mfalme Akizaliwa, Mtaa Hugeuka Soko

Je, wajua kwamba mwanafunzi aliyeko Uholanzi hahitaji mwaliko ili asherehekee siku ya kuzaliwa ya mfalme? Aprili 27, tarehe aliyozaliwa Mfalme Willem-Alexander mwaka 1967, mitaa ya Amsterdam hufurika watu waliovaa rangi ya chungwa, rangi ya ukoo wa kifalme. Raha kubwa ni soko: watu hutandika mikeka barabarani na kuuza mitumba yao bila leseni, hata watoto na midoli yao. Mgeni hujipatia sufuria na koti kwa bei chee. Sherehe hii ilianza 1885, binti mfalme Wilhelmina alipotimiza miaka 5. Siku hizi, Aprili 27 ikiangukia Jumapili, husherehekewa Jumamosi, Aprili 26: ndiyo Siku ya Muungano wa Tanzania!