Visima vya Gede vina somo kwa Kisaju

Na MWANDISHI WETU

MKAZI wa Kisaju anayetaka kujenga nyumba hukabiliwa na swali moja kabla ya kuweka jiwe la msingi: Maji yatatoka wapi?

Kituo hiki kilicho kando ya barabara ya kwenda Namanga, baada ya kupita Kitengela na kabla ya kufika Isinya, kinapanuka kila uchao. Mahali ambapo Wamaasai walilisha mifugo yao na wanyamapori wakapita wakitoka mbuga ya Nairobi, leo pana ua za mawe, shule, makanisa na nyumba za kukodisha. Tegemeo kubwa ni kisima kilichochimbwa kwa mashine. Asiye nacho hungoja lori la maji.

Wengi wetu huamini kwamba jiwe na simiti ndivyo vinavyoufanya mji udumu. Mwenye imani hiyo angefaidika sana akizuru Gede, huko pwani.

Gede ni kijiji kilicho kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kaunti ya Kilifi, yapata kilomita 16 kabla ya kufika Malindi. Ukiiacha barabara kuu na kuyapita maduka, unaingia msituni. Ndani ya msitu huo mna mji mzima wa mawe ambao haukaliwi na mtu. Mizizi ya miti imekumbatia kuta, na kima wanarukaruka juu ya misikiti.

Mwanafunzi akitajiwa Zama za Kati, mara nyingi huwaza ngome za Uingereza na vijiji vya Ufaransa vyenye makanisa ya kale. Hajui kwamba Zama za Kati zilipita hapa kwetu pia, na zikaacha alama.

KABURI LENYE TAREHE

Miongoni mwa makaburi ya Gede lipo moja lililochongwa tarehe: mwaka wa 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Huo ndio mwaka ambao Henry wa Nne alitwaa ufalme wa Uingereza. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa bado kujengwa. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, karibu miaka 200 baadaye.

Wataalamu wanakadiria kuwa mji ulianza karne ya 12 hivi, ukanawiri zaidi katika karne ya 15. Ukuta wa nje, uliofikia kimo cha futi tisa, ulizingira eneo la ekari 45. Ndani yake mlikuwa na Msikiti Mkuu, misikiti mingine midogo, jumba la mtawala na nyumba za matajiri zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Watu wa kawaida waliishi katika nyumba za udongo na makuti, ambazo zimetoweka.

Nyumba za mawe zilikuwa na vyoo vyake. Kando ya Msikiti Mkuu palikuwa na kisima, na birika la waumini kutawadhia.

Walioufukua mji huo walizipa nyumba majina kulingana na vitu walivyovikuta ndani au jinsi zilivyojengwa. Ipo Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe za Ndovu, Nyumba ya Bakuli la Kauri na Nyumba ya Ushanga wa Venice. Vyombo vya kauri vilitoka China, na ushanga ukatoka Italia. Mfanyabiashara wa Gede alikula katika sahani zilizovuka bahari kabla Mzungu wa kwanza hajazunguka kusini mwa Afrika.

Ajabu ni kwamba Vasco da Gama alifika Malindi mwaka wa 1498, na Wareno wakaishi jirani kwa miaka mingi, lakini hawakuacha maandishi yanayoutaja mji huu kwa jina la Gede.

WALIKWENDA WAPI?

Kufikia karne ya 17 watu walikuwa wamehama. Sababu zinazotolewa ni nyingi. Mwaka wa 1589 jeshi la Wazimba lilipita pwani likifanya maangamizi. Mwaka wa 1593 mtawala wa Malindi alihamia Mombasa pamoja na Wareno, na biashara ya Malindi ikadorora. Waoromo nao waliteremka kutoka kaskazini.

Lakini ipo sababu nyingine. Mtaalamu James Kirkman, aliyeanza kufukua mji huo mwaka wa 1948, aliona kwamba kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu kilikuwa kimeongezwa kina. Mtu haongezi kina cha kisima kwa kupenda jasho. Huchimba zaidi kwa sababu maji yanazidi kushuka.

Hakuna aliyethibitisha kuwa kiu peke yake ndiyo iliyouhamisha mji. Yaelekea shida zilikuja kwa pamoja. Hata hivyo, kuta zile zingali zimesimama baada ya miaka 400, ilhali waliozijenga waliondoka. Ukuta wa futi tisa humzuia adui. Hauwezi kuyazuia maji yanayozama ardhini.

Hapo ndipo mwenye ploti Kisaju anapopaswa kutega sikio. Maji yaliyo chini ya ardhi hayajui mipaka ya ploti. Majirani wawili wanaweza kutenganishwa na ua, kumbe wanateka katika mwamba mmoja. Kila anayechimba kwenda chini zaidi huenda anakivuta kile kile alichokuwa akinywa mwenzake.

Dawa mojawapo haihitaji mashine. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita mraba 100 huleta kama lita 1,000 za maji. Nyumba isiyo na mifereji na tangi huyaacha maji hayo yaende zake.

WALINZI

Je, ni nani aliyelihifadhi gofu la Gede hata likatufikia? Kwanza ni majirani. Wamijikenda wa hapo walipaona kuwa mahali pa mizimu, wakapaheshimu. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alipazuru mwaka wa 1884, na mwaka wa 1927 serikali ikapatangaza kuwa mahali pa kihistoria. Siku hizi panasimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mnamo Julai 2024 shirika la UNESCO liliiingiza Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia, ambamo tayari kulikuwa na Mji wa Kale wa Lamu, Kaya za Wamijikenda na Fort Jesus.

Tangu mwaka wa 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo, ambao makao yake yapo papo hapo Gede. Viluwiluwi huuzwa ng'ambo kwa maonyesho ya vipepeo. Msitu ukikatwa, mapato nayo yamekwisha. Kwa hiyo mkulima anayo sababu ya kuulinda.

Majirani wa gofu wamejifunza kwamba kitu cha wote kikitunzwa huwalisha wengi. Maji ya Kisaju nayo ni kitu cha wote.

Familia itakayokwenda Malindi likizo ijayo isiishie ufuoni. Wapelekeni watoto Gede, wakachungulie kisima cha Msikiti Mkuu na kuuliza kwa nini kilichimbwa tena. Kisha wakirudi nyumbani, wahesabu ni mapaa mangapi mtaani kwao yana mifereji. Wahenga walisema akiba haiozi.