Waya Kwanza, Waifai Baadaye: Sinema ya Familia Katika Nyumba za Bagamoyo

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika katika kipande cha kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Baadhi ya nyaya za Bahari ya Shamu zilikuwa zimekatika tangu Februari, kwa hiyo njia ya kuzungukia ilikuwa finyu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Video ziligoma kufunguka. Sawa. Lakini mtu wa Dunda, Bagamoyo, aliyetaka tu kuwaonyesha wageni harusi ya dada yake, yeye alikwamishwa na nini? Video ya nyumbani kwake alikuwa ameipeleka ikakae ng'ambo, na kila akitaka kuitazama lazima airudishe kwa bando.

Ndiyo maana ninapoulizwa waifai ipi inafaa, kwanza hutenganisha mambo mawili. Intaneti ni huduma inayonunuliwa nje. Mtandao wa nyumbani ni njia zinazounganisha vyombo vyako mwenyewe: simu, televisheni, kompyuta, printa. Njia hizo hazili bando hata la shilingi mia. Kompyuta iliyojaa filamu na picha za familia, ikishaungwa na ruta, itazirusha kwenye televisheni ya sebuleni hata kama laini haina salio. Filamu ya saa mbili kwa megabiti 5 tu kwa sekunde ni gigabaiti 4.5. Ukiivuta kutoka ng'ambo unazilipia zote, na mtoto akitaka kuirudia kesho, na atataka, unalipa tena.

Sasa tuje kwenye kuta, maana hapa Bagamoyo huachana na vitabu vya maelekezo. Nyumba za Mji Mkongwe, zile za Mtaa wa India na vichochoro vyake, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa ukuta mara nyingi hukaribia nusu mita. Dari zake za asili hubebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazizidi sana mita tatu, na urefu huo ndio uliompangia fundi upana wa chumba. Nyumba ikawa na vyumba vyembamba vingi, na kuta nene nyingi vilevile. Ni raha wakati wa joto la Januari, ni balaa kwa mawimbi ya redio. Waifai ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, huishia ukuta wa kwanza au wa pili. Ile ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila ni ya polepole na tayari imesongwa na ya majirani. Ukuta ukishanywa maji ya masika mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu maji humeza mawimbi haya.

Wengi wetu hutumia ruta ya laini ya simu. Ruta hiyo hupenda dirisha linaloelekea mnara, na dirishani ni mahali pabaya kabisa kwa waifai ya ndani: nusu ya mawimbi huenda kuwahudumia kunguru. Iache hapohapo ikamate mnara, kisha vuta kebo hadi katikati ya nyumba na ufunge huko kifaa cha pili cha kurushia waifai. Vile vipanuzi vinavyochomekwa kwenye soketi na kuokota waifai hewani sivishauri. Hupokea mawimbi yaliyokwisha kuchoka, na vingi hupunguza kasi kwa nusu.

Kebo ya Cat6, au hata Cat5e, hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na haijali matumbawe. Nunua ya shaba tupu. Ya alumini iliyopakwa shaba ni nyepesi na ya bei ndogo, lakini hukatika upesi ikikunjwa, na hewa ya chumvi huila kwenye maungio. Usikimbilie kutoboa: ukuta wa chokaa ukipigwa drili ya kugonga humeguka hadi ndani, tena majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo waulize wahusika kwanza. Mara nyingi tundu halihitajiki. Kebo hupita juu ya mlango, ikafuata boriti, na mgeni asiione.

Walio Mapinga, Kerege au Zinga kwenye nyumba za tofali za saruji wana nafuu ya kuta, ila wengi wanataka kufikisha mtandao kwenye banda la uani. Usivute kebo ya shaba nje, paa hadi paa. Radi haina haja ya kuipiga kebo yenyewe. Ikishuka jirani tu, huzua umeme ndani ya kebo na kuunguza ruta, swichi na televisheni kwa pamoja. Kati ya nyumba na nyumba pitisha faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme.

Kompyuta yenyewe si lazima iwe kubwa wala mpya. Mimi huchagua zile ndogo za ofisini zilizokwishatumika: HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny. Kabla ya kulipa soma namba ya prosesa. Katika i5-7500T, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inasema ni kizazi cha 7. Usishuke chini ya hapo, kwa kuwa simu nyingi za sasa hurekodi video kwa mfumo wa H.265, na kizazi cha 7 cha Intel huufungua vizuri bila kuhangaika. Ikila wati 15 usiku na mchana, kwa mwezi ni uniti 10.8 za LUKU. Nyumba inayojibana isivuke uniti 75 kwa mwezi, ili ibaki kwenye bei nafuu, ina haki ya kuizima usiku. Kwa programu, Jellyfin ni ya bure na huhudumia televisheni na simu zote za nyumbani. Kodi inafaa zaidi kama kompyuta imechomekwa moja kwa moja kwenye televisheni.

Kwenye ruta, ipe kompyuta anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.10, ili televisheni isiitafute upya kila umeme unaporudi. Wageni wape waifai yao ya pembeni, na nywila iliyokuja na ruta ibadilishe siku hiyohiyo. Yupiesi ndogo ni ya lazima, kwani diski inayoandika huku umeme ukikatika ndiyo hufa mapema. Na usiiweke mashine kwenye dirisha la upande wa bahari. Feni yake itavuta chumvi ndani mpaka ubao uote kutu.

Cha kuijaza hakikosekani. Filamu za kujaziwa kwenye flashi mtaani ni jasho la wasanii ambao hawaoni hata senti, kwa hiyo hizo niache nje. Mji wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, una watu wengi waliorekodi ngoma, matamasha na harusi, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo bado iko kwenye kaseti za VHS kabatini, zikiota ukungu kwa unyevu wa pwani. Hizo ndizo za kuanza nazo. Deki inayofanya kazi na kifaa kidogo cha USB cha kunasa video vinatosha, pamoja na diski ya pili ya nakala itakayokaa kwa ndugu, nje ya nyumba yako. Anza ukiwa bado unaweza kuazima deki: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwezi Julai 2016.