Maji ya Karanga: Gesi, Kidonge au Kichujio?

Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, bonde la Karanga, karibu mita 4,000 juu, ndipo mahali pa mwisho pa kuteka maji. Kambi ya Barafu, mita 4,673, haina hata tone. Ya kunywa na ya kupikia yote hupandishwa na wapagazi. Kila lita ni kilo nzima, na mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20. Bei ya maji huko haihesabiwi kwa shilingi peke yake.

Nimewahi kuinama pale na chupa. Maji yanapita juu ya mawe, yanang'aa, baridi inauma vidole, na moyo unasema kunywa. Lakini jicho halioni vijidudu, na njia hiyo inapitwa na watu wengi ambao si wote wanaosubiri kufika chooni.

Kuchemsha kunaua vyote: bakteria, virusi na vimelea. Kwa urefu ule maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, na wapo wanaodhani basi hayaivi. Yanaiva, yaache tu yatokote dakika 3 badala ya 1. Gharama ni gesi, maana kuni ni marufuku hifadhini. Nakadiria gramu 15 hadi 20 kwa lita, na mtungi nao una mtu wa kuubeba.

Kidonge cha klorini ni nafuu zaidi na hakina uzito. Soma paketi: kidonge cha ndoo ya lita 20 si cha chupa ya lita moja. Kwa kawaida husubiriwa nusu saa, lakini maji ya baridi hukichelewesha na tope humaliza nguvu yake, kwa hiyo chuja kwanza kwa kitambaa safi na uongeze muda. Kriptosporidiamu, kimelea cha kuhara, huvumilia klorini.

Kichujio cha nyuzi zenye matundu ya maikroni 0.1 hukinasa hicho, pamoja na bakteria, lakini virusi hupenya. Ni ghali siku ya kununua, kisha hakidai kitu. Ila kikiganda kikiwa kimelowa, nyuzi hupasuka na wewe huoni. Usiku wa Barafu lala nacho kifuani.

Mimi huchuja, kisha hutia kidonge, na gesi naiachia chai na chakula, ambavyo vitachemshwa tu.

Upande wa Meru hesabu hii haifai. Mto Maji ya Chai na vyanzo vingine vya huko vina floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Klorini haiigusi, kichujio cha nyuzi hakiishiki, na kuchemsha kunapunguza maji huku floraidi ikibaki palepale. Huko natembea na dumu langu, limejazwa kwenye chanzo kilichopimwa.