Kwa nini mafuta taa hayafai kuondoa oili kwenye lami

WENYE magari na mafundi wa jua kali wamezoea kumwaga mafuta taa au petroli palipochafuka kwa oili ya injini. Juu ya saruji, mazoea hayo huzamisha doa zaidi. Juu ya lami, hasara huwa kubwa.

Lami yenyewe ni masalio ya mafuta ghafi, yanayobaki baada ya petroli na dizeli kutenganishwa kiwandani. Ndugu hao wanapokutana tena, lami hulainika na kuachilia kokoto ilizoshikilia, kisha mvua na magurudumu huchimba shimo.

Saruji haiyeyuki, lakini ina vitundu vidogo mno vinavyofyonza oili. Kwa hivyo doa bichi lifunikwe mara moja, bila kusuguliwa, kwa machujo ya mbao au mchanga mkavu hadi siku ya pili. Doa kuukuu hupakwa uji mzito wa sabuni ya unga na maji moto, likasuguliwa kwa brashi ngumu. Kwenye lami, sabuni iyo hiyo yatosha, ila kwa maji baridi na brashi laini.

Machujo yaliyolowa oili hushika moto upesi, basi yawekwe mbali na jiko. Wala yasitupwe mtaroni, kwani mitaro mingi ya Nairobi huishia mtoni.