Fuata Deni la Marehemu

Tuseme wewe ni mtu wa Hewani, na kwenu kuna babu ambaye habari zake hazijazi kiganja. Wakati wa vita vya Hitler aliteremka Mombasa kutafuta kazi, akaandikwa "melini Tana", na hakuonekana tena. Basi. Hakuna kaburi wala picha, na waliomjua wameshatangulia. Unaanza kuisaka meli iitwayo Tana. Unapekua orodha za manowari zilizozama, hupati kitu, na mwisho unakata shauri kwamba wazee walichanganya mto na meli.

Hawakuchanganya. HMS Tana ilikuwapo, ila haikung'oa nanga hata siku moja, kwa kuwa haikuwa meli. Ndilo jina ambalo Jeshi la Majini la Uingereza liliipa kambi yake ya nchi kavu pale Kilindini. Mnamo Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na kundi la manowari za Waingereza likahamishia makao yake Mombasa. Desturi ya jeshi hilo ni kuibatiza kambi ya nchi kavu jina kama la meli, na kila anayelipwa kupitia kambi hiyo kuhesabiwa kuwa baharia wake. Mtu angeweza kufagia ghala la Kilindini miaka mitatu bila kukanyaga sitaha, na karatasi zake zikasema alikuwa HMS Tana. Mto wa kwao ukawa jina la daftari la mshahara wake.

Naanza na mfano huu kwa sababu umebeba somo zima la leo. Anayetafuta jamaa aliyepotelea katika utumishi wa bahari au wa vita asianze na mapigano, bali na mshahara. Serikali huwasahau watu upesi, lakini mahali penye pesa isiyolipwa huacha karatasi. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa mtafiti wa ukoo, deni ambalo halikulipwa ndilo lenye manufaa zaidi.

Mshahara wa mtu aliyekufa

Zamani baharia wa manowari za Uingereza hakulipwa kila mwezi. Mshahara ulilimbikizwa, pengine kwa miaka, hadi meli irudi na wafanyakazi waachishwe. Akifa safarini, alikuwa ameacha pesa nyingi kuliko alizopata kuzishika mikononi. Matapeli wa bandarini walilijua hilo. Wenye nyumba za kulala wageni, wakopeshaji na hata wanawake waliojidai wajane walighushi wosia na kwenda kuchukua haki za maiti. Ndiyo maana kuanzia 1786 wosia za mabaharia zikawa zinawekwa kwa ofisa maalumu wa kuzikagua, nazo zilipaswa kutiwa saini mbele ya nahodha.

Wosia zilizokusanywa hivyo, za 1786 hadi 1882, zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, London, chini ya alama ADM 48. Nyingi ni fomu ya karatasi moja iliyopigwa chapa, yenye nafasi za kujaza jina la baharia, meli yake, mrithi na mashahidi. Asiyejua kuandika aliweka alama ya msalaba, kama ambavyo kwetu mzee huweka kidole gumba.

Majirani wa wosia hizo ni majalada ya ADM 44, ya 1800 hadi 1860. Hayo ni madai: karatasi zilizoletwa na jamaa wa baharia aliyekufa wakiomba mshahara uliobaki na fedha za vitu vyake. Baharia akifa, nguo na sanduku lake vilinadiwa mbele ya mlingoti, wenzake wakanunua, na fedha zikaongezwa kwenye hesabu yake. Katika daftari, mbele ya jina lake ziliandikwa herufi mbili, DD, yaani ameondolewa kwa kufa. D moja ni aliyeachishwa kazi. R ni aliyetoroka, na huyo alipoteza haki ya mshahara wake. Kwa hiyo jamaa yenu akikutwa na R, msipoteze muda kutafuta dai lake.

Ukiniuliza kati ya wosia na dai kipi kina faida kwa anayetafuta ukoo, nitakwambia dai. Wosia humtaja mtu ambaye marehemu alimpenda, na huyo anaweza kuwa rafiki wa chumbani. Dai linataka ushahidi wa damu. Mama alipaswa kuthibitisha kwamba huyu ni mwanawe, na mjane kuonyesha cheti cha ndoa. Kasisi wa parokia alitia saini kwamba anawajua. Kwa kulinda pesa yake, serikali ilijikuta imeandika historia ya familia ya kimaskini ambayo hakuna mwingine angeiandika.

Watu wetu ndani ya daftari

Usidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Katika karne ya 19 manowari zilizowinda majahazi ya watumwa katika pwani yetu ziliandika kazi mamia ya Waafrika, hasa kutoka Zanzibar, wakaitwa "Seedies". Walichochea makaa ya mawe kwenye tanuri za mitambo, wakapiga makasia, wakatafsiri. HMS London, meli kongwe iliyofanywa kituo, ilitia nanga Zanzibar kuanzia 1874 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na wengi walipitia hapo.

Mitego katika kuwatafuta ni miwili. Wa kwanza ni jina. Mabaharia wa Kizungu waliwapachika Waafrika majina ya mzaha, na karani akayaandika hivyo hivyo. Wengine waliitwa Baraka, Mabruki au Juma, majina ambayo meli moja ingeweza kuwa nayo manne. Wa pili ni mahali pa kuzaliwa. Neno "Zanzibar" katika daftari mara nyingi lina maana ya mahali alipoandikiwa kazi. Nyuma yake anaweza kusimama Myao, Mgiriama, Mngazija au mtu wa mto Tana.

Kwa watu wa Garsen na jirani zake kuna mlango mwingine, nao ni Witu. Oktoba 1890, baada ya Wajerumani kuuawa katika himaya ya Sultani Fumo Bakari, Admirali Fremantle wa Uingereza aliteremsha mabaharia Kipini, wakapanda hadi Witu na kuuchoma mji. Wakarudi kupigana tena 1893. Walioshiriki walipewa medali yenye kibao kilichoandikwa jina la Witu, na orodha za medali za majini zimo Kew chini ya alama ADM 171. Hapa tena fuata thamani. Medali ni mali, na mali huandikiwa mpokeaji.

Pesa ya wapagazi

Pwani hii iliwapoteza wengi zaidi nchi kavu. Katika Vita Vikuu vya Kwanza wapagazi wa Kenya waliokufa ni zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, njaa na malaria, wala si kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililozaa Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mishahara ya maelfu yao haikuwafikia jamaa. Maofisa walidai kwamba wenye haki hawapatikani. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho, hakuchoka kulipigania suala hilo, na mjadala wa fedha hizo ukaendelea hadi miaka ya 1930.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ilikiri kwamba Waafrika, Waasia na wengineo kati ya 116,000 na pengine 350,000 waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo mpagazi wako akikosekana katika orodha ya wafu, tafuta orodha ya wadai: barua za ofisa wa wilaya kuhusu fedha zisizochukuliwa.

Vita vya pili viliacha kumbukumbu bora. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Japani iliizamisha Khedive Ismail, meli iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, wakafa watu 1,297. Wengi wao walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Majina ya askari hao waliozama yamechongwa kwenye ukumbusho ulio katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi, na yanapatikana bila malipo katika tovuti ya CWGC. Baadhi ya maingizo hayo yana mstari mmoja mdogo: mtoto wa fulani, wa mahali fulani. Mstari huo huenda ndiyo mara pekee jina la baba wa askari lilipata kupigwa chapa.

Kuanzia barazani

Kabla ya kuandika barua kwenda London, keti na wazee. Usimuulize bibi, "Babu alikuwa mwanajeshi wa kikosi gani?" Hajui, na utamwaibisha. Muulize hivi: "Bibi, zilipokuja pesa zake, ni nani aliyezifuata Kipini?" Kipini ndiko kulikokuwa makao ya wilaya enzi hizo. Safari ya kufuata pesa haisahauliki: nani alipanda mtumbwi, nani alirudi mikono mitupu, ndugu gani walinuniana kwa ajili yake. Ugomvi wa urithi ni kumbukumbu nzuri kuliko sifa za shujaa.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Majalada ya eneo hili huenda yakawa chini ya Tana River, Kipini, Lamu, Tanaland au Mkoa wa Pwani, kwa kuwa mipaka ilihamahama. Vijiji navyo vilihama, maana Tana hubadili mkondo na watu wakaufuata, hivyo ramani ya leo isikuongoze peke yake. Tahajia usiiamini. Komora anaweza kuwa Kamora, Comora au Kumara, kutegemea sikio la karani. Linganisha na vitabu vya ubatizo, maana wamisheni walifika Golbanti na Ngao tangu miaka ya 1880. Pekua pia Gazeti la Serikali, linalotoka tangu 1899 na ambalo sasa husomeka mtandaoni. Matangazo ya mirathi yamejaa humo.

Kama marehemu alikuwa Mwislamu, tafuta karatasi ya kadhi kabla ya wosia. Kwa sheria ya Kiislamu wosia hauvuki theluthi ya mali, na warithi wamekwisha pangiwa mafungu yao: mjane thumni kama kuna watoto, mtoto wa kiume fungu la wasichana wawili. Ili kugawa hivyo ni lazima kadhi aandike kila mtu. Ndiyo maana hati ya mirathi huwa na majina ambayo nasaba ya mdomo imeyaacha. Mzee anaweza kukuhesabia mababu saba bila kumtaja binti hata mmoja. Kadhi hawezi, maana binti huyo ana haki yake.

Karatasi iliyo mfukoni mwako

Haya hayajawa ya kale. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, katika kifungu cha 9, inakubali wosia wa mdomo ukitolewa mbele ya mashahidi wawili na msemaji akafa ndani ya miezi mitatu. Kwa mwanajeshi au baharia wa meli za biashara aliye kazini, kikomo hicho cha miezi mitatu kinaondolewa, mradi afe katika kipindi hicho hicho cha utumishi. Na tangu sheria ya 2011 kuna mamlaka inayoshika mali zisizodaiwa: akaunti zilizolala, hisa, fedha za bima. Leo nako majina ya wafu yanasubiri mdai.

Anayefungua kesi ya mirathi katika mahakama ya Garsen huanza na barua ya chifu. Iangalie barua hiyo kwa jicho la mjukuu wako. Ni ukurasa mmoja, wenye muhuri, unaosema marehemu alifariki lini, alikaa kijiji gani, aliacha wajane wangapi, na watoto wote kwa majina, wa kiume na wa kike, walio hai na waliotangulia. Ni ile ile kazi ya kasisi aliyetia saini madai ya mabaharia miaka 200 iliyopita. Kesi ikiisha, wengi wetu huiacha barua ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, na mto ukifurika huondoka nayo.

Itoe nakala mbili. Moja mpe dada aliyeolewa mbali na mto.