Machela ya Kulalia Kambini: Kuishona na Kuifunga

Likizo ikikaribia vijana wa makanisa yetu huenda kambi, na mahema ni ghali. Ndiyo maana wengine wanashona machela. Hatusemi ile ya kubebea wagonjwa, bali kitanda cha kitambaa kinachoning'inia kati ya miti miwili. Kushona si kazi kubwa kwa mwenye cherehani. Shida iko kwenye kufunga, na hapo ndipo watu huanguka.

Chukua kitambaa kizito kisichovutika, cha pamba au polista, urefu futi 10 na nusu, upana futi 5. Shona kwanza pindo jembamba kwenye kingo ndefu. Kisha kila mwisho kunja nusu inchi, halafu kunja tena inchi 2 na nusu, upate nafasi ya kupitisha kamba. Shona mistari mitatu, na urudishe cherehani nyuma kila mwanzo na kila mwisho. Uzi uwe wa polista, maana wa pamba huoza kwa unyevu. Mishono isibanane mno: matundu ya sindano yakikaribiana, kitambaa huchanika palepale kama stempu. Ukimaliza, pitisha kamba imara, vuta hadi kitambaa kikunjamane, kaza fundo.

Sasa kufunga. Wengi hudhani machela ikikazwa kama waya wa kuanikia nguo ndiyo imara. Ni kinyume kabisa. Mtu wa kilo 70 akilala, na kamba zimeinama digrii 30, kila kamba huvutwa kama imebeba kilo 70. Zikiinama digrii 10 tu, ni kilo 200 kila upande! Hapo kamba hukatika, au nguzo ya veranda hung'oka, kwa sababu iliwekwa kubeba paa, si kuvutwa ubavuni. Huhitaji chombo cha kupimia: kwa kila futi 2 kutoka mtini, kamba ishuke kama inchi 14.

Ili usihangaike kila mahali, funga kamba nyembamba isiyovutika juu ya kitambaa, kutoka mwisho mmoja wa machela hadi mwingine, urefu futi 8 na inchi 4. Hiyo ndiyo hushika umbo hata miti ikiwa mbali. Kama bado unajisikia umebanwa, ifupishe inchi moja moja. Na usilale katikati ukapinda kama ndizi. Lala mshazari, upande wa miguu ukiwa juu kidogo, na mgongo utanyooka.

Kabla mtu hajapanda, weka gunia la mahindi la kilo 90 usiku kucha. Asubuhi tazama mishono. Matundu yakiwa yamepanuka, kitambaa hicho hakifai. Kamba ya katani inyeshewapo mara nyingi huoza ndani, kwa nje huoni kitu. Usifunge chini ya mkaratusi, hudondosha matawi hata bila upepo. Machela isizidi futi 1 na nusu kutoka ardhini mtu akiwa ndani. Mtoto mchanga asilazwe humo kamwe, shingo hukunjika akakosa pumzi.

Kule Kinangop baridi hupenya kutoka chini, kwa hivyo tandika godoro jembamba la sponji ndani. Sehemu za joto, mbu nao huuma kupitia kitambaa, basi chandarua kizunguke machela yote, hata chini ya mgongo.